Michungwa miwili juu ya kaburi

Hangzhou, Jumapili jioni

Mdogo wangu mpendwa,

Mimi sijambo, ila baridi ya huku inaingia mpaka kwenye mifupa. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema huyo mzee aliyemwandikia marehemu baba barua ya kumtuhumu wizi utamfuata nyumbani kwake, liwalo na liwe. Sikukujibu kwa simu kwa sababu nilikuwa nalia.

Leo nimekwenda kwenye kaburi la Yue Fei, kando ya Ziwa la Magharibi. Alikuwa jemadari wa dola ya Song, iliyotawala Uchina zamani hizo. Mwaka 1127 jeshi la Jin kutoka kaskazini liliuteka mji mkuu, Kaifeng, likamchukua mateka mfalme pamoja na baba yake. Mdogo wake mfalme, Gaozong, akakimbilia kusini akajitawaza, na baadaye akaufanya mji huu ninaosoma makao yake. Yue Fei alipigana kuirudisha ardhi iliyopotea, na mwaka 1140 alikuwa anashinda. Hapo hapo akaamriwa arudi. Waziri mkuu Qin Hui alitaka suluhu na Jin, na mfalme naye aliitaka. Bei yake ilikuwa Song iwalipe Jin tael 250,000 (kipimo cha uzito cha Kichina) za madini ya fedha na majora 250,000 ya hariri kila mwaka. Jemadari anayeshinda alikuwa kikwazo, wakambambikia kesi ya uasi.

Ofisa wa kwanza kumhoji aliitwa He Zhu. Yue Fei akaivua nguo yake, akamgeuzia mgongo: maneno manne yalikuwa yamechanjwa kwenye ngozi, ya kuitumikia nchi kwa uaminifu wote. He Zhu akachunguza, akaona mtu huyu hana kosa, akaenda kumwambia Qin Hui hivyo. Akajibiwa kuwa ndivyo mfalme anavyotaka, na kesi akapewa mwingine, Moqi Xie. Jemadari mwenzake Han Shizhong alipouliza ushahidi uko wapi, Qin Hui alimjibu: "Huenda upo." Wachina mpaka leo wanaitumia kauli hiyo kwa kesi ya kusingiziwa. Nikaikumbuka barua ya baba, "inaaminika ulihusika na upotevu wa magunia". Inaaminika na nani? Miaka 19 ghalani, halafu neno moja lisilo na mwenyewe.

Yue Fei aliuawa gerezani Januari 1142, hajatimiza miaka 40. Mwanawe Yue Yun aliuawa hadharani.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipokufikiria wewe. Mwaka 1150 ofisa mdogo wa kikosi cha walinzi, Shi Quan, alimvizia Qin Hui njiani akiwa amebebwa kwenye machela yake, akamshambulia kwa upanga. Hakumpata. Shi Quan akakatwakatwa mbele ya watu, na Qin Hui akaanza kutembea na askari 50 wenye marungu. Akafa kwa maradhi mwaka 1155, akiwa bado na cheo chake. Watu wa hapa wanamheshimu Shi Quan, na mimi siwezi kumdharau. Lakini nilifikiria kama alikuwa na mama.

Inasimuliwa pia habari ya askari jela, Wei Shun. Usiku aliubeba mwili wa Yue Fei mgongoni, akautoa nje ya mji na kuuzika kwa siri. Juu ya kaburi akapanda michungwa miwili iwe alama. Hakumwambia mtu. Alipokaribia kufa ndipo alipomweleza mwanawe mahali penyewe. Mwaka 1162 Gaozong alimwachia kiti Xiaozong, naye akalisafisha jina la Yue Fei na kuagiza azikwe kwa heshima. Mwili ulipotafutwa, mtoto wa askari jela alijua pa kuchimba.

Leo mbele ya kaburi kuna sanamu nne za chuma zilizopiga magoti, mikono imefungwa nyuma: Qin Hui, mkewe, Moqi Xie na Zhang Jun, jemadari aliyeshiriki kumsingizia Yue Fei. Bibi mmoja alimnyanyua mjukuu wake awaone vizuri. Gaozong hayupo pale. Aliishi raha mustarehe mpaka mwaka 1187, na hakuna aliyempigisha magoti. Hilo limeniuma kuliko yote niliyoyaona.

Nje nilinunua chakula cha hapa: vijiti viwili vya unga vilivyokaangwa, vinaviringishwa pamoja na kitunguu cha majani ndani ya chapati nyembamba, kisha muuzaji anaibana kwenye chuma cha moto mpaka inalia chwaa. Watu husema vijiti hivyo ndio Qin Hui na mkewe. Karibu miaka 900, na bado wanabanwa kila asubuhi.

Mdogo wangu, leja ya ghala ya msimu ule iko kwenye sanduku la mama, chini ya kanga. Baba aliiweka mwenyewe. Kila ukurasa una sahihi mbili. Ipige picha ukurasa kwa ukurasa, mchana, penye mwanga, kisha nitumie zote. Yule karani wa mizani bado yu hai. Nenda kwake yeye, si kwa yule mwingine. Mpelekee sukari, kaa naye, andika anayokumbuka na umwombe atie sahihi. Julai nikirudi tutakwenda pamoja kwa wakili.

Leja irudishe pale pale, na ufunguo umpe mama.

Nisalimie wote. Mkande mama magoti.

Dada yako