Ahsante ndugu uliyetuokolea picha za duka

Ndugu yangu usiyependa kutajwa, ahsante sana. Picha za bidhaa zilipanda kwenye seva bila lalamiko lolote, lakini ukizibofya hazifunguki. Ofisini kila mtu alilaumu intaneti, na kwa mtandao wetu huu nani angebisha?

Wewe hukuigusa intaneti. Uliuliza tu: faili lina baiti ngapi kwenye kompyuta, na ngapi kule seva? La seva lilikuwa dogo kidogo. Hapo hapo ukajua FTP, njia tunayopandishia faili kwenye seva, inapakia kwa hali ya maandishi, ASCII, inayobadilisha alama za mwisho wa mstari: kutoka Windows kwenda Linux, kila 0D 0A (baiti mbili zinazofunga mstari kwenye Windows) inabaki 0A peke yake. Kwa maandishi si neno, picha inakufa.

Kilichonikosha zaidi ni pale uliponionyesha baiti 8 za mwanzo za PNG, aina ya faili la picha. Kumbe waliobuni muundo huo walitia 0D 0A humo makusudi, ili uharibifu wa aina hii ugundulike mapema. Watu wana akili!

Tukahamia hali ya binari, isiyobadilisha baiti yoyote, tukapakia upya, tukalinganisha sha256sum, namba inayokokotolewa kutoka baiti zote za faili, huku na kule. Zote sawa. Mungu akuzidishie, na soda yako ipo, pita uichukue.