Mvinyo wa Verdicchio hauharibiki mwaka ukipita

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa chakula wa Jumamosi ulisema mvinyo mweupe wa Italia unywewe kabla haujatimiza mwaka, uwe wa baridi kali, na usindikize samaki tu. Ipo mivinyo ambayo ushauri huo unaifaa. Lakini mwandishi wenu ameutaja Verdicchio kwa jina miongoni mwao, nami siwezi kuliacha hilo lipite. Ninapika Ancona, mji wa bandari katika mkoa wa Marche, na huo ndio mvinyo unaowekwa mezani pamoja na chakula changu.

Sheria ya Italia yenyewe inampinga. Verdicchio dei Castelli di Jesi wa daraja la Riserva hauruhusiwi kuuzwa kabla ya kutunzwa miezi 18, na angalau 6 kati ya hiyo uwe umelala ndani ya chupa. Sasa mtu ataunywaje kabla ya mwaka kwisha, na bado uko ghalani kwa mtengenezaji?

Unadumu kwa sababu ya uchachu. Zabibu ya Verdicchio huiva polepole. Mavuno huanza Septemba na mara nyingi huingia Oktoba, na hata ikishaiva, uchachu wake haupotei. Ukiwa mchanga, mvinyo huu una rangi ya manjano hafifu inayoelekea kijani, unanukia tufaha bichi, ganda la limau na shamari. Mdomoni unachangamka, una dalili ya chumvi, na ukishaumeza unabaki uchungu mdogo kama wa lozi. Wapo wageni wanaodhani uchungu huo ni kasoro. Hapana, ndio alama yake, na mimi usipokuwepo huwa na mashaka na chupa. Uache Riserva mzuri ufikishe miaka 8 au 10: rangi inakuwa ya dhahabu, inakuja harufu ya asali na maua makavu, lakini ule uchachu bado umesimama. Nasikitika kumwona mtu akiambiwa aimalize chupa ya namna hiyo haraka.

Kuna na suala la mahali, ambalo makala iliruka kabisa. Ukitoka Ancona kuelekea bara ukaufuata mto Esino, unafika Jesi, mji alikozaliwa mfalme Frederick II mwaka 1194. Vilima vinavyouzunguka vina miji midogo iliyojengwa juu na kuzungushiwa kuta, kama Staffolo, Montecarotto na Cupramontana. Mabonde ya huko yako wazi upande wa Adriatiki, kwa hiyo hewa ya bahari inapanda mpaka mashambani. Matelica, mji mwingine unaotoa Verdicchio, ni jambo jingine. Iko ndani zaidi, kwenye bonde lililolala kaskazini hadi kusini, na milima imelikinga na bahari. Mchana jua linawaka, usiku baridi inashuka. Zabibu ni ileile, lakini mvinyo wa Jesi hujaza mdomo, na wa Matelica ni mwembamba, mkali, umenyooka. Mimi moyo wangu uko Matelica.

Nadhani sifa mbaya ilitokana na chupa. Mwaka 1953 kampuni ya mvinyo ya Fazi Battaglia ilibuniwa chupa yenye umbo la mtungi wa kale, ikajaa katika mikahawa ya Kiitalia duniani, na watu wakazoea kuuona Verdicchio kama kinywaji chepesi cha likizo.

Kuhusu samaki tu: samaki, naam, tena si wa kuchoma peke yake. Jaribuni na brodetto, mchuzi wetu wa samaki ambao kwa desturi ya Ancona hutiwa aina 13, pamoja na nyanya na siki. Siki hiyo huua mivinyo mingi, ikabaki kama maji. Verdicchio haitikisiki. Jaribuni na stoccafisso, samaki mkavu kutoka Norwei anayepikwa taratibu kwa viazi, nyanya na mafuta mengi ya zeituni. Uchachu unayakata mafuta, na kila tonge linakuwa kama la kwanza. Kisha njooni kwenye nyama. Sungura anayejazwa shamari mwitu na kitunguu saumu anakutana na shamari iliyomo ndani ya mvinyo wenyewe, na kwangu hakuna mlo unaokaa nao vizuri kuliko huo. Hata zeituni za Ascoli, zinazojazwa nyama zikakaangwa, haziudai mvinyo mwekundu.

Na baridi kali iachwe. Nyuzi 10 hadi 12 zinatosha kwa ulio mchanga, na mkongwe unaweza kufika 14. Chini ya hapo harufu zinajifunga, mnywaji anapata baridi na uchachu tu, halafu anasema mvinyo hauna kitu.

Ombi langu ni kwamba safu hiyo ikirudi kwenye mivinyo ya Italia, iwaelekeze wasomaji wasome lebo: kama ni Jesi au Matelica, kama limeandikwa neno Riserva, na zabibu zilivunwa mwaka gani. Wakikuta Riserva ya miaka mitano dukani, wasiikimbie kwa kudhani imechacha.

Mpishi,
Ancona, Italia