Barua ya malalamiko: hedifoni za studio zisizo na sauti asilia

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampala.

Ndugu Meneja,

YAH: HEDIFONI SITA ZISIZOLINGANA NA MAELEZO YA BOKSI

Sisi ni mafundi wa sauti katika studio ya kurekodi hapa Ntinda. Tulinunua kwenu hedifoni sita za kufunika masikio kwa kazi ya kurekodi na kuchanganya sauti. Boksi linatoa ahadi tatu: sauti asilia isiyopambwa, impidansi (ukinzani wa hedifoni kwa umeme wa sauti) ya 250 ohm, na masafa ya 20 Hz hadi 20 kHz, yaani kutoka besi ya chini kabisa hadi sauti nyembamba kabisa. Ya kwanza si kweli, ya pili si kweli, na ya tatu haina maana kwa jinsi ilivyoandikwa. Tunadai kurudishiwa fedha zote. Tunaeleza kwa kirefu makusudi, ili fundi wenu aweze kurudia kila kipimo mezani kwake bila kututegemea sisi.

Tuanze na lisilo na ubishi. Wekeni multimita kwenye kipimo cha ohm, waya mmoja uguse ncha ya jeki (plagi ya hedifoni) na wa pili uguse shina. Huo ni upande wa kushoto. Pete na shina ni upande wa kulia. Hedifoni ya kweli ya 250 ohm husoma karibu na namba hiyo. Zenu zinasoma 33, zote sita, pande zote mbili. Multimita hupima kwa umeme wa moja kwa moja, kwa hiyo namba hutofautiana kidogo na impidansi iliyoandikwa, lakini tofauti ya 250 na 33 si ya kipimo. Ni boksi limeandikwa uongo.

Madhara yake ni makubwa. Studioni, hedifoni sita huchomekwa kwenye kigawanyi kimoja kinachotoka kwenye amplifaya moja. Sita za 250 ohm kwa pamoja huwa mzigo wa kama 42 ohm, na amplifaya ndogo inaumudu. Sita za 33 ohm ni mzigo wa 5.5 ohm. Hapo amplifaya inaishiwa pumzi, sauti inakwaruza kila ngoma inapopigwa kwa nguvu, na mwimbaji anadhani maiki imeharibika. Tena, tulipounganisha rezista ya 100 ohm na kupitisha mawimbi ya masafa mbalimbali, tuliona impidansi ya hedifoni hizi inapanda hadi 60 ohm karibu na 70 Hz. Ukizichomeka kwenye mikseri ambayo soketi yake ina ukinzani wa 47 ohm, kupanda huko peke yake kunaongeza besi ya hapo kwa karibu desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Mafundi hufuata kanuni kwamba ukinzani wa soketi usizidi sehemu ya nane ya impidansi ya hedifoni: kwa 250 ohm ni 31, kwa 33 ohm ni 4 tu. Aliyepanga vifaa vyake kwa kuamini boksi lenu amepotoshwa tangu mwanzo.

Sasa sauti yenyewe. Tunajua kwamba uwiano asilia si mstari ulionyooka kwenye grafu, na hatudai mstari huo. Sauti ya spika nzuri chumbani hufika kwenye ngoma ya sikio ikiwa imeshabadilishwa na kichwa, sikio la nje na tundu la sikio. Tundu hilo, lenye urefu wa kama sentimita 2.5, hupaza masafa ya karibu na 3 kHz. Hedifoni inaruka sehemu ya safari hiyo, hasa mchango wa kichwa, lakini sauti yake inapofika kwenye ngoma ya sikio lazima nayo iwe imepanda hapo, la sivyo sauti ya binadamu inasikika kama iko nyuma ya mlango. Kazi ya Sean Olive, Todd Welti na wenzao wa kampuni ya vifaa vya sauti ya Harman katika miaka ya 2010 ilionyesha pia kwamba wasikilizaji wengi hupendelea besi iliyoinuliwa kiasi chini ya 100 Hz, kwa sababu ndivyo spika zinavyosikika ndani ya chumba. Tunasisitiza chini ya 100 Hz. Ziada ikivuka 200 Hz inaanza kufunika maneno.

Hatuna sikio bandia la kupimia la kiwango cha kimataifa cha IEC 60318-4, hivyo tulipima kwa kulinganisha. Maiki ya kupimia ilizamishwa kwenye bamba la mbao lenye raba laini juu, hedifoni ikabanwa hapo, na programu ya kupimia sauti ya REW ikapitisha sauti inayopanda kutoka 20 Hz hadi 20 kHz. Kila upande ulipimwa mara tano, hedifoni ikitolewa na kuwekwa upya kila mara, kisha tukachukua wastani. Bamba hilohilo lilipima hedifoni za Sennheiser HD 600 na Sony MDR-7506, ambazo tabia zake zinajulikana: HD 600, iliyo wazi nyuma, hupungukiwa besi ya chini kabisa, na 7506 inang'aa kidogo kwenye trebo (sauti nyembamba za juu). Juu ya 8 kHz bamba la aina hii haliaminiki, kwa hiyo hatutumii chochote cha huko kama ushahidi.

Zote zikisawazishwa kwenye 1 kHz, hedifoni zenu zinaizidi HD 600 kwa desibeli 9 kwenye 120 Hz, na ziada hiyo inaendelea hadi 300 Hz. Kati ya 2 na 4 kHz ziko chini kwa desibeli 6, mahali hasa zilipotakiwa kupanda. Kisha kwenye 6 kHz zinaruka juu kwa desibeli 7. Huo si uwiano asilia hata kwa tafsiri ya ukarimu. Ni sauti ya kufurahisha mteja kwa dakika mbili dukani.

Fundi akichanganya sauti kwa hedifoni hizi, makosa yanakuja kinyume na kasoro zake. Anasikia besi nyingi, anaipunguza. Kazi ikitoka nje engalabi, ile ngoma ndefu, inakuwa nyembamba na nyuzi za adungu kubwa, kinubi cha Uganda, zinapotea. Anasikia mwimbaji yuko mbali, anapandisha 3 kHz. Kwenye spika ya teksi sauti hiyo inapiga kelele masikioni. Anasikia “s” na “sh” zinachoma, anazikata. Tangazo la Kiswahili linatoka kama limesomwa na mtu mwenye kithembe. Mteja wa studio anarudisha kazi, na fundi anajilaumu kwa kosa lililo ndani ya boksi lenu.

Kama mnashuku bamba letu, kuna jaribio lisilohitaji bamba. Rekodini mtu akisoma aya moja, maiki iwe ya mwitikio ulionyooka (isiyopendelea masafa yoyote), sentimita 30 kutoka mdomoni, chumba chenye mapazia, bila ikwalaiza yoyote (kirekebishi cha kupandisha au kushusha masafa). Vaeni hedifoni msikilize, kisha mvue na msomaji aliye mbele yenu arudie aya ileile. Mfanye hivyo kwa HD 600, kisha kwa zenu. Viwango vya sauti vilinganishwe ndani ya nusu desibeli kwa pinki noizi, ule mvumo unaofanana na mvua kwenye bati, maana sikio hupendelea chenye sauti kubwa zaidi. Kwa zenu, msomaji yuleyule anakuwa na kifua kikubwa na mdomo uliofunikwa kitambaa.

Kushoto na kulia nako hakulingani. Katika hedifoni mbili kati ya sita, besi ya kushoto iko chini ya kulia kwa desibeli 4 kwenye 100 Hz. Chezeni sauti ya mono, ileile pande zote mbili: inavutwa kulia. Geuzeni hedifoni kichwani: sasa inavutwa kushoto, maana yake tatizo ni la hedifoni, si la sikio la msikilizaji. Tulifungua kikombe cha kushoto cha moja kati ya hizo. Pedi inatoka kwa kuvutwa, chini yake kuna skrubu nne. Nyuma ya draiva, yaani kispika kidogo kilicho ndani ya kikombe, kuna kitundu cha hewa kilichofunikwa karatasi ya kupunguza mvumo, na gundi ya kiwandani imetiririka hadi imeziba zaidi ya nusu ya karatasi hiyo. Upande wa kulia karatasi ni safi. Hewa ya nyuma ikibanwa hivyo, mwendo wa draiva unakuwa mgumu na besi inashuka. Kikombe tumekirudisha kama kilivyokuwa na picha tumeziambatanisha. Mkaguzi mmoja mwenye taa angeiona gundi hiyo kabla bidhaa haijatoka kiwandani.

Muuzaji wenu alitupa majibu mawili. La kwanza, kwamba hedifoni mpya “hufunguka” baada ya kuchezwa saa mia. Kinachobadilika hasa ni pedi kulainika na sikio la msikilizaji kuzoea. Hakuna muziki wa kuyeyusha gundi, wala wa kugeuza 33 kuwa 250. La pili, kwamba tutumie ikwalaiza. Kwenye kompyuta, kwa programu kama Equalizer APO, ziada pana ya 120 Hz inaweza kupunguzwa, hilo tunakubali. Lakini mwimbaji anayesikiliza moja kwa moja kutoka kwenye mikseri hana programu hiyo. Tena pedi zenu ni nyembamba kiasi kwamba mwenye miwani, rasta au hijabu anavujisha hewa, na besi yake inashuka kwa kiasi tofauti na ya mwenzake. Ikwalaiza moja haiwatoshi.

Kuhusu “20 Hz hadi 20 kHz”: bila kutaja tofauti inayoruhusiwa, kwa mfano desibeli 3 juu au chini, karibu hedifoni yoyote inaweza kuandikwa hivyo.

Sheria ya Uganda ya mwaka 2017 kuhusu uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Kwa hiyo tunadai mchukue hedifoni zote sita na kurudisha fedha kamili ndani ya siku 14. Hatutaki kubadilishiwa nyingine za toleo hilohilo. Tunadai pia muondoe “250 ohm” na “sauti asilia” kwenye maboksi yaliyobaki dukani na kwenye matangazo yenu, au mtoe grafu ya kiwanda inayoonyesha kushoto na kulia kila kimoja peke yake, kifaa kilichotumika kupima, na kiasi cha kulainisha mstari wa grafu. Tusipopata jibu kwa maandishi, tutapeleka barua hii, vipimo na picha kwa Shirika la Viwango la Uganda, UNBS.

Hedifoni ziko studioni, tayari kukaguliwa. Fundi wenu anakaribishwa siku yoyote ya kazi. Bamba, maiki na HD 600 vitakuwa mezani.

Wenu,
Mafundi wa sauti,
Ntinda, Kampala.

Viambatisho: nakala ya risiti, namba za hedifoni sita, grafu za vipimo, picha za kikombe cha kushoto na cha kulia.