YAH: MZEE KUHAMISHWA KITI BADALA YA ALIYEMTUKANA

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Salaam. Fomu yenu inasema malalamiko yanapokelewa kwa lugha yoyote. Mimi nikikasirika hukasirika kwa Kiswahili, kwa hiyo tafuteni mkalimani.

Barua pepe yenu ya Jumanne nimeisoma. Eti walinzi wenu "walituliza hali". Hali gani? Jumamosi, robo ya tatu ya mechi ya futiboli ya Australia, jamaa wa safu ya nyuma alimwita Mjomba nyani. Mara tatu. Nikamwita mlinzi wenu. Akaja, akamtazama yule jamaa, akamtazama Mjomba, kisha akamgusa Mjomba begani: "Mzee, njoo nikutafutie kiti kingine, kwa usalama wako." Aliyetukana akabaki na bia yake.

Mjomba si damu yangu, ni jirani. Wazee wa Kiaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, huitwa hivyo kwa heshima, na mtu wa Tanga hahitaji kufundishwa hilo. Ni wa Yorta Yorta, kabila moja na Sir Doug Nicholls, mchezaji wa zamani ambaye raundi hiyo ya mechi imepewa jina lake, na walinzi wenu walivaa vizibao vyenye michoro ya Kiaborijini. Michoro mgongoni! Nicholls alipokwenda klabu ya Carlton kujaribiwa, wakandaji walikataa kumshika kwa sababu ya rangi yake. Akachezea klabu ya Fitzroy, na mwaka 1976 akawa Gavana wa Australia Kusini. Mlinzi wenu hakukataa kushika mtu. Alimshika asiyestahili.

Mwaka 2013 mchezaji wa Kiaborijini, Adam Goodes, alipoitwa sokwe hapa hapa Melbourne, alinyoosha kidole na aliyetamka akatolewa uwanjani, tena binti wa miaka 13. Nyinyi mmeshindwa na baba mzima mwenye kitambi.

Narudia, maana barua yenu imeiruka sehemu hii. Mjomba alikuwa na pai ya nyama mkononi, hajafika nusu. Alipoguswa begani aliiweka chini ya kiti taratibu, akafuta vidole kwenye skafu yake ya nyeusi, nyekundu na njano, rangi za bendera ya Waaborijini, akasema, "Sawa, mwanangu." Akapanda ngazi kwa lile goti lake bovu, safu nzima ikimtazama kama mwizi. Kuna mtu alipiga makofi. Mlinzi wenu alisikia, akaendelea kutembea. Huko mlikotuweka, nyuma ya nguzo, goli la upande wa pili hatukuliona hadi mwisho.

Na asubuhi ya siku hiyo alikuwa amenionyesha picha ya Nicky Winmar iliyo sebuleni kwake, ile ya 1993, mchezaji wa Kiaborijini akiwajibu mashabiki waliomtukana kwa rangi yake: jezi juu, kidole kwenye ngozi ya tumbo. Akaniambia, "Siku hizi hawathubutu."

Nilianza barua hii nikitaka radhi na pesa za tiketi mbili. Sasa radhi aandikiwe Mjomba, si mimi, na aisaini mkurugenzi. Video ya kamera za ngazi ile isifutwe. Mwenye bia apigwe marufuku uwanjani. Nawapa siku 14. Hapana, saba, kumwinua mzee kuliwachukua sekunde kumi. Siku ya nane nitakuwa Tume ya Haki za Binadamu ya Australia, na nakala itakwenda kwa klabu inayowalipa.

Pesa za tiketi kaeni nazo.

Mteja wenu,
aliyekaa kiti cha pembeni yake