Barua ya Kufunga Muhula: Makofi ya Chumba cha Tarakilishi

Kwa Wazazi na Walezi wa Gredi ya 7 na ya 8,
Kisumu.

Pokeeni salamu za walimu wote. Ripoti zimo kwenye bahasha hii. Tarehe ya kufungua shule na salio la karo viko chini ya ripoti, sitavirudia hapa.

Ninaloandikia hasa ni mradi wa tarakilishi. Baadhi yenu mmeniuliza, wengine kwa upole na wengine bila upole, mbona watoto wanashinda wakipigia skrini makofi. Ni kweli, wamepiga. Programu wanayotumia ni Scratch, iliyotengenezwa MIT Media Lab, maabara ya chuo kikuu huko Marekani, na kutolewa kwa umma mwaka 2007. Mtoto huunganisha vipande vya amri, na vipande hivyo vinaweza kusikiliza maikrofoni na kupima ukubwa wa sauti kuanzia 0 hadi 100.

Kundi moja la Gredi ya 7 lilichora tai mla samaki anayepaa darasa likipiga makofi. Mwanzoni walimwamuru apae sauti ikizidi 10. Tai akakwama juu, hashuki, maana darasa lile halinyamazi kiasi hicho. Wakapandisha hadi 30, akatulia. Alasiri mvua ikapiga mabati, tai huyoo, kapaa bila makofi. Mwalimu hakuwapa jibu. Walibishana mpaka kengele ikalia, na kesho yake wakaja na lao: programu ipime kwanza kelele za chumba, ndipo iongeze 20 juu yake.

Hesabu imo humo humo. Katikati ya skrini ni 0. Ukingo wa kulia ni 240, wa kushoto −240, juu 180, chini −180. Nambari hasi wanazozinung'unikia daftarini, wakizikosea hapa samaki anaogelea angani, na wenyewe wanarudi kusahihisha bila kusukumwa.

Gredi ya 8 walitengeneza nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo. Mzazi mmoja alituletea yake, tukarekodi uzi mmoja mmoja, nyuzi zote 8. Ukipitisha kipanya juu ya uzi, unatikisika na kulia. Inakosa mlio wa pete ya chuma ambayo mpigaji huvaa kidole cha mguu, na nilimwambia kiongozi wao kwamba bila huo mimi sijasikia nyatiti. Ameniahidi muhula ujao.

Ombi langu ni hili: likizoni mwazimeni simu kwa nusu saa, warekodi sauti za kwenu. Mashine ya posho, boda boda ikiwashwa, mawimbi ya ziwa kule Dunga, chochote. Sekunde chache zatosha. Wasirekodi mazungumzo ya watu bila idhini. Zitumeni kwenye kundi la WhatsApp la darasa, kwani simu haziruhusiwi shuleni. Scratch hupokea faili za wav na mp3, na simu nyingi hurekodi kwa aina nyingine, lakini hilo mwachieni mwalimu, atazigeuza.

Msinunue kipakatalishi kwa ajili ya mradi huu. Scratch ni ya bure, na kwenye tarakilishi za shule inafanya kazi hata bila intaneti. Akija mtu kuwauzia, mwonyesheni njia.

Kazi zote zitaonyeshwa katika mkutano wa kwanza wa wazazi muhula ujao. Nimeziweka kabla ya ajenda ya chakula cha mchana, kwa hiyo atakayechelewa atakuta mjadala wa maharagwe.

Wenu,
Mwalimu Mkuu