Beji za Mionzi Zikisoma Sifuri, Usifurahi Haraka

Ripoti ya beji, zile wanazovaa wafanyakazi wa eksirei kupima mionzi waliyoipata, ikirudi kliniki na namba kubwa, simu yetu hulia kabla ya chai ya saa nne. Ikirudi na sifuri kwa wafanyakazi wote, hakuna anayepiga. Inatiwa kwenye faili kumsubiri mkaguzi wa Baraza la Nishati ya Atomiki, na mambo yameisha. Sisi tunaozisoma, hizo sifuri ndizo hutukosesha raha zaidi.

Beji haikukingi na mionzi. Ni kama mita ya umeme: inahesabu ulichotumia, haikuzuii kutumia. Ndani yake mna vipande vidogo vya fuwele, mara nyingi lithiamu floraidi, vinavyonasa nishati ya mionzi na kukaa nayo kwa miezi. Tukivipasha moto kwenye mashine vinatoa mwanga, na mwanga huo ndio tunaoupima. Kuvisoma ndiko kunakovifuta, kwa hiyo mteja akituomba turudie kipimo kwa kuwa hakukipenda, hatuna cha kurudia.

Sasa ile sifuri inatoka wapi? Katika kila pakiti tunayotuma kuna beji moja isiyo na jina la mtu. Hiyo ni ya kulinganishia, haivaliwi. Inakusanya mionzi ya asili, ile ya ardhini, ya kuta na ya angani, ambayo kila binadamu huipata (wastani wa dunia ni kama 0.9 kwa mwaka, kwa milisiverti, kipimo cha mionzi mwilini), pamoja na chochote kilichoongezeka njiani ndani ya basi la Arua au Mbarara. Tunachosoma kwenye beji hiyo tunakitoa kwenye beji za watu, na kinachobaki ndicho cha kazini.

Kliniki nyingi huitundika ukutani ndani ya chumba cha eksirei, kwa nia njema kabisa, ili isipotee. Hapo hesabu inaharibika. Chukua mfano: kwa miezi mitatu ilitakiwa ikusanye milisiverti 0.2, lakini kwa kukaa mle ndani imekusanya 1.2. Beji ya rediografa, yule mpiga picha, imesoma 0.8. Ukitoa 1.2 hakibaki kitu, ripoti inaandika sifuri, na zile 0.6 alizozipata kazini zimemezwa. Peleka beji ya kulinganishia ofisini kwa mhasibu. Huko ndiko kwake.

Namba kubwa nazo zina vituko vyake. Mara nyingi tukifika kuuliza, tunaikuta beji imebanwa kwenye aproni ya madini ya risasi inayokinga mionzi, na aproni inaning'inia kwenye ndoano hatua mbili kutoka stendi ya kupigia picha za kifua. Mwenye beji anasimama nyuma ya kioo chake salama kila picha inapopigwa, huku beji inakula mionzi inayotawanyika kutoka kwa wagonjwa kutwa nzima. Hatubishani naye. Tunaweka jerikeni ya lita 20 iliyojaa maji mahali anaposimama mgonjwa, kwa sababu maji hutawanya mionzi karibu sawa na mwili, mashine inapigwa, tunasoma mita ya mionzi kwenye ndoano kisha nyuma ya kioo. Akishaona namba mbili hizo mwenyewe, beji haibaki tena kwenye aproni.

Lakini tusiizoee sababu hiyo mpaka iwe kisingizio. Kuna namba kubwa za kweli. Kwenye kliniki yenye watoto wengi utakuta sista yuleyule ndiye anayemshika kila mtoto asitikisike. Mzazi amshike mwanawe, avalishwe aproni, basi. Yeye atafanya hivyo mara moja, sista anafanya kila siku. Kiwango cha juu kwa mfanyakazi ni milisiverti 20 kwa mwaka kwa wastani wa miaka mitano, na mwaka wowote mmoja usizidi 50. Kwa mtu wa kawaida ni 1 tu.

Kuvaa ni kifuani, chini ya aproni. Tukikupa na ya pili, hiyo ni ya kwenye kola, juu ya aproni, na usizibadilishane: tunazisoma kwa hesabu tofauti. Beji haiazimwi kwa mtu wa zamu ya usiku.

Wapo wanaofanya kazi hospitali ya serikali asubuhi na kliniki binafsi jioni. Kila mahali pana beji yake, usihamishe, ila tuambie ili namba zijumlishwe, maana mwili ni mmoja. Dada akijua ana mimba, amwambie mwenye kliniki mapema: tangu hapo mtoto aliye tumboni hatakiwi kuzidisha milisiverti 1 kwa muda uliobaki, nasi tunaanza kubadilisha beji yake kila mwezi na kumwongezea moja ya tumboni, chini ya aproni.

Robo mwaka ikiisha, rudisheni zote pamoja, ya kulinganishia ikiwemo. Iliyosahaulika kwenye droo au kwenye koti lililopelekwa kwa dobi ikija peke yake baada ya wiki sita, hatuwezi kuisoma kwa uhakika. Kuja kupima chumba kuna malipo yake tofauti. Mtuandalie jerikeni ya maji na saa mbili zisizo na wagonjwa.