Reli ya Lobito isitusahau sisi wa Lubumbashi

Bwana Mhariri,

Marekani na Umoja wa Ulaya wanaisukuma reli ya Lobito, ipeleke shaba na kobalti yetu ya Kongo hadi Bahari ya Atlantiki kupitia Angola. China nayo inataka kufufua TAZARA, reli iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ielekeayo Dar es Salaam. Kila jirani anavuta mzigo wa migodi yetu ya Katanga upande wake. Nawaelewa, ushuru na kazi za bandarini ni mali.

Lakini malori mengi bado yanapita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na huko huko ndiko unakoingia unga wa bukari (ugali) yetu. Agosti 2024, serikali yetu ilipozuia bia na vinywaji baridi kutoka nje, Zambia ilifunga mpaka kwa muda. Mpaka ukifungwa, akina mama wanaouza unga sokoni ndio wanaoumia kwanza, wala hakuna anayewaita mezani. Hilo linaniuma sana.

Naomba wakubwa wa Kinshasa na wa jimbo watuambie waziwazi: mabehewa yakirudi kutoka baharini yatatuletea nini, na mkulima wa Haut-Katanga atapata nafasi gani ya kupakia mahindi yake?

Msomaji wenu,
Lubumbashi